Maswali ya wasomaji: Injini ya satelaiti haiguswi, sasa wanaipimaje?

Toleo lililopita niligusia kwa mistari mitatu minne tu ule msururu wa taa uliopita jioni juu ya bahari yetu huku kusini, nikasema zile ni satelaiti za Starlink, zinajisukuma kwa umeme, na gesi yake inageuzwa plazima, yaani gesi ambayo chembe zake zimenyang'anywa elektroni, yenye joto la nyuzi laki mbili na zaidi. Basi simu haikupumzika. Msimbati, Masasi, Newala, Lindi mjini, watu wameandika, wengine kwa hasira kabisa, na ukizichambua meseji zote zinarudi palepale, kwamba kitu kama hicho nani alikipima na alikipima kwa kutumia nini. Kwahiyo leo safu nzima ni hiyo, wale wa maswali ya salfa ya korosho mnivumilie hadi toleo lijalo.

SWALI: Mwalimu za kazi. Mimi navua huku Msimbati, zile taa niliziona kwa macho yangu nikiwa majini kwahiyo hapo sibishi. Ninachobisha ni hiyo laki mbili. Chuma chenyewe kinayeyuka kwenye elfu moja na mia tano, hicho kipimajoto cha laki mbili kimetengenezwa na nini? Naona umetupiga kamba.
Mvuvi, Msimbati

JIBU: Kamba sijapiga mkubwa wangu, na uko sahihi kabisa kwamba hakuna kipimajoto cha hivyo, hakipo na hakitakuwepo. Ila tuanze na injini yenyewe manake bila hiyo mengine yote yataning'inia.

Injini za aina hii wanaziita za Hall. Ni mfereji wa kauri uliozunguka duara, na wala sio mkubwa, ile ya Warusi inayoitwa SPT-100 mfereji wake una kipenyo cha sentimita 10 tu. Kule ndani mwisho wa mfereji kuna anodi, ncha chanya ya umeme, ambako gesi inaingilia, nje pembeni kuna kathodi, ncha hasi, inayomwaga elektroni, na kuna sumaku zinazozizuia zile elektroni zisikimbilie anodi moja kwa moja, kwahiyo zinabaki zinazunguka na kuzunguka humo mferejini, gesi ikipita inagongwa, chembe yake inapoteza elektroni inakuwa ioni, na hapo volti 300 zinaisukuma nje kwa kasi ambayo ukiipigia hesabu inafika kama kilometa 20 kwa sekunde. Yaani Mtwara hadi Lindi sekunde tano, na kituo cha ukaguzi hakikuoni.

Kasi ni kubwa ila gesi ni kiduchu sana, ndo maana msukumo wenyewe utakuchekesha. SPT-100 inakula umeme wa wati 1,350 na inasukuma kwa nguvu ya milinyutoni 83, ambayo ni sawa na uzito wa korosho sita zilizobanguliwa, zile za daraja la W320, ukiziweka kiganjani. Lakini angani hakuna hewa ya kukukwamisha, ukisukuma kwa korosho sita miezi na miezi unafika mbali. Wasovieti waliirusha ya kwanza mwishoni mwa 1971 kwenye satelaiti ya Meteor, na hizo ulizoziona wewe za Starlink zilipoanza kurushwa kwa wingi 2019 zilikuwa zinatumia gesi ya kriptoni, kisha kuanzia 2023 zile kubwa zaidi wakazihamishia kwenye argoni kwasababu ni rahisi kupatikana.

Sasa hilo joto. Sio joto la injini nzima, kuta za kauri zinapata nyuzi mia kadhaa tu. Laki mbili, laki tatu, hilo ni joto la elektroni peke yake pale zinapochemka zaidi karibu na mdomo wa mfereji, na joto la chembe maana yake ni jinsi zinavyokimbia huku na huku. Na ni chache mno, hata pale zilipojazana utakuta kama trilioni moja kwa sentimita moja ya ujazo, wakati hewa unayovuta wewe hapo ufukweni ina chembe zaidi ya mara milioni 20 ya hizo. Kwahiyo ukileta kipimajoto cha kawaida, hata kikinusurika, kitapima joto lake chenyewe na sio la elektroni. Wanachofanya ni kukaa nje ya dirisha la kioo la tangi lililonyonywa hewa ambamo injini inajaribiwa, na kusoma mwanga, mara nyingine wakimulika ndani kwa leza. Namna ya kuusoma ndo habari yote ya leo.

SWALI: Kaka, mimi fundi wa kuchomelea hapa Masasi, natumia sana TIG. Ncha ya tungsteni tunaiwasha na arki juu yake siku nzima na haiyeyuki ovyo. Kwanini hao jamaa wasichomeke kawaya ka tungsteni humo ndani, wakaunga na mita, wakamaliza? Leza ni za kujitafutia gharama.
Fundi, Masasi

JIBU: Fundi swali lako limeniburudisha, kwanza kwasababu ile arki unayoitazama kwa kioo cheusi kila siku ni plazima hiyohiyo, halafu mtungi wako wa argoni ndo gesi wanayotumia Starlink wapya, kwahiyo wewe uko karibu na haya mambo kuliko unavyodhani.

Na kawaya hako wanakatumia. Irving Langmuir wa Marekani, yuleyule aliyeipa plazima jina lake 1928, ndo alitengeneza nadharia yake miaka ile ya 1920, unachomeka waya, unaupa volti hizi na hizi, unasoma mkondo unaopita, na kwa hesabu unapata joto la elektroni na wingi wake. Ni rahisi, unaweza kukiunda kwenye karakana yako kesho. Mbali na injini, huko nje ambako plazima imeshatawanyika, kijiti cha Langmuir bado kinafanya kazi nzuri tu na mtu asikudanganye kwamba kimepitwa na wakati.

Tatizo ni ndani ya mfereji. Pale elektroni ni za moto na zinakuja kwa wingi, tungsteni yako ya nyuzi 3,400 inaweza kuvumilia kidogo, lakini ule waya lazima uvalishwe kauri pembeni usiguse plazima sehemu zote, na ile kauri ndo inayoanza kuliwa kwanza, inatoa mvuke, mvuke unaingia kwenye plazima, na pia ikigongwa na elektroni moto yenyewe inatema elektroni zake za baridi. Kwahiyo umeingia kupima na umeshamwaga baridi na uchafu ndani. Mkondo wa injini unapanda ghafla, unaliona hilo kwenye mita kabisa, kijiti kikiingia mkondo unaruka, kikitoka unarudi.

Chuo Kikuu cha Michigan kwenye miaka ya 2000 walijaribu ujanja, wakafunga kijiti kwenye mota inayokwenda kwa kasi, kinaingia na kutoka ndani ya sehemu moja ya kumi ya sekunde hivi kabla kauri haijapata joto la kutoa mvuke. Ilisaidia sana tu. Lakini baadae wenzao wa Marekani hukohuko walipolinganisha kijiti cha haraka na leza kwenye injini moja, wakaona kwamba kijiti kinapoingia lile eneo ambalo ioni zinaongezewa kasi linahama kutoka mahali pake. Linahama milimita kadhaa tu, utasema ni kidogo, ila eneo lenyewe lote ni la milimita chache hizohizo. Sasa hapo umepima nini? Umepima injini yenye kijiti ndani, na hakuna satelaiti inayoruka na kijiti ndani ya mfereji.

Gharama ya leza ni kubwa kweli, sibishi.

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mimi nasoma PCM Ndanda. Nimeelewa kwamba wanatumia mwanga ila sijaelewa mwanga unajuaje kasi. Mwalimu wetu alitaja Doppler akapita. Naomba na namba kama inawezekana.
Mwanafunzi, Ndanda

JIBU: Marahaba mwanangu, na namba zipo, kaa na kalamu.

Doppler unaijua tayari bila kuambiwa. Ukisimama Mnazi Mmoja pale njia panda ya Masasi, basi la Dar linapokuja likipiga honi sauti inakuwa nyembamba, likishakupita hiyohiyo honi inashuka inakuwa nene, na dereva hajabadilisha kitu. Mwanga nao uko hivyo, chanzo kikija kwako mawimbi yanabanwa, kikienda yanavutwa, ila mabadiliko ni madogo kwasababu mwanga unakimbia kilometa laki tatu kwa sekunde.

Sasa ioni ya xenoni, gesi inayotumika sana kwenye injini hizi, ina tabia. Ikikutana na mwanga wa nanometa 834.7, ambao macho hayauoni, ni wa infraredi, inaumeza, na papo hapo inautema lakini ukiwa wa kijani, nanometa 541.9. Usishangae kwamba imetema mwanga wenye nguvu kuliko iliyoumeza, zile ioni zinazofanya hivyo plazima ilikuwa imeshazipandisha ngazi kabla leza haijafika, leza inazimalizia tu. Lakini sikiliza, inameza urefu huohuo wa wimbi tu, ukikosea kidogo haili. Kwahiyo wanaleta leza ambayo rangi yake inaweza kuhamishwa taratibu sana, wanaielekeza ikutane na ioni uso kwa uso. Ioni inakimbilia leza, kwahiyo kwa upande wake mawimbi yamebanwa, ili ione 834.7 yake lazima leza itoe urefu mkubwa kidogo.

Mkubwa kwa kiasi gani? Kasi ya ioni gawanya kwa kasi ya mwanga. Chukua kilometa 20 kwa laki tatu, unapata moja ya elfu kumi na tano. Zidisha kwa 834.7, unapata kama nanometa 0.056. Ndo hivyo. Jamaa anahamisha leza kidogo kidogo, anaangalia kijani kinawaka lini, akikuta kimewaka pale mbele kwa 0.056 anajua ioni zake zinakwenda kilometa 20 kwa sekunde, hajagusa kitu, hajaingiza kitu. Na akiwa na kichupa cha xenoni iliyotulia pembeni anapitisha humo sehemu ya leza hiyohiyo ili ajue sifuri yake ilipo.

Kama unataka kujua hiyo 20 ilitoka wapi, chukua nishati ya volti 300 kwa ioni yenye chaji moja, iweke sawa na nusu ya masi mara kasi kwa kipeo cha pili, xenoni masi yake 131, utapata 21. Fanya na kriptoni yenye 84 uone inatoka ngapi, sikupi jibu.

Kuna ugumu ambao vitabu vya shule havisemi. Plazima yenyewe inawaka kijani hichohicho cha 541.9 bila leza yoyote, tena kwa nguvu, kile kijani cha leza kimezama humo ndani. Wanachofanya, wanaweka mbele ya leza kisahani chenye matundu kinachozunguka, leza inawaka inazima mara elfu na kitu kwa sekunde, halafu kifaa cha umeme upande wa kupokea kinaambiwa kichukue mwanga unaowaka na kuzima kwa mwendo wa kile kisahani tu, mengine yote kitupe. Mimi huwa napenda sana hiyo sehemu. Na tena xenoni ya asili ni mchanganyiko wa isotopu tisa, yaani xenoni za uzito tofauti tofauti, kila moja inameza mahali pake tofauti kidogo sana, kwahiyo badala ya mstari mwembamba unapata kama kilima na lazima ukichambue kabla hujasema kasi ni hii.

Eneo linalopimwa ni pale tu leza inapokatana na macho ya lenzi, kama milimita moja. Wanahamisha milimita, wanapima, wanahamisha, hadi wanapata ramani nzima ioni zilianzia wapi kukimbia. Hiyo ramani ndo iliyoonyesha kwamba kijiti cha fundi wa Masasi kinahamisha mambo.

SWALI: Mwalimu mwenzangu, nafundisha fizikia Lindi. Leza ya xenoni inasoma ioni, sawa. Ila ulichodai kina laki mbili ni elektroni, na elektroni ikiwa peke yake haina mstari wake wa rangi. Hapo unatokaje?
Ticha, Lindi

JIBU: Umenibana ticha. Natokea milango miwili, mmoja rahisi na mmoja mgumu.

Ule rahisi ni kutotumia leza kabisa. Unaweka spektromita dirishani, unaichambua rangi ya plazima kama ilivyo, unaona mistari, kwa xenoni kuna mistari maarufu ya 823.2 na 828.0 kwenye infraredi. Mistari hiyo inawashwa na elektroni zinapogonga xenoni, na kila mstari unahitaji kipigo chake, kwahiyo ukilinganisha mwanga wa mstari huu na ule unakadiria elektroni zinapiga kwa nguvu gani, yaani joto lake. Vifaa vyake ni bei poa, hata chuo kidogo kinamudu. Ila huwezi kutoka kwenye uwiano wa mistari kwenda kwenye joto bila modeli inayoelezea kila namna xenoni inavyopanda na kushuka ngazi, inagongwa na elektroni, inagongwa na ioni, inajiwakia yenyewe, na data za hiyo migongano nyingine ni za kupima nyingine ni za kukokotoa. Mwaka 2006 Karabadzhak na wenzake walitoa modeli ya xenoni ambayo wengi wanaitumia mpaka leo. Mimi nikiletewa joto lililopatikana kwa njia hii peke yake, kabla ya kusoma namba nauliza modeli gani, na kama hawajasema naweka pembeni. Halafu tena mwanga unaoukusanya ni wa mstari mzima wa macho yako, mbele na nyuma vimechanganyika, lazima ufumue kwa hesabu.

Mlango mgumu ni ule unaoitwa utawanyaji wa Thomson. Unachukua leza kali, mara nyingi ile ya kijani ya nanometa 532, unaipiga katikati ya plazima. Elektroni iliyopigwa inatikisika, ikitikisika inatawanya mwanga uleule pande zote, na kwasababu inakimbia sana ule mwanga unatoka umehama rangi, nyingine kwenda bluu nyingine kwenda nyekundu, kwahiyo badala ya mstari mwembamba wa 532 unapata kilima kilichotanuka nanometa kadhaa huku na huku. Upana wa kilima ni joto. Ukubwa wake ni wingi wa elektroni. Hakuna modeli ya ngazi za xenoni, hakuna kubahatisha, na ndo maana wengi wanaiona kama hakimu.

Sasa kwanini haikutumika zamani kwenye hizi injini? Piga nami hesabu. Pigo moja la leza lenye joule 1 lina fotoni, yaani chembe za mwanga, kama bilioni 2.7 ukizidisha na bilioni nyingine. Uwezo wa elektroni kutawanya ni mdogo mno, kwenye ile plazima ya trilioni moja kwa sentimita ya ujazo, kwa milimita moja ya njia, zinatawanywa kama laki moja na themanini tu, tena pande zote za dunia. Lenzi yako inakamata labda moja katika mia, vioo na vichujio vinakula nyingine, unabaki na mamia, na pale plazima ilipo nyepesi ni makumi. Na hapohapo leza yenyewe inagonga kuta za tangi na kurudi mwanga wa 532 kwa mabilioni. Wanaouweza mchezo huu wanatumia kichujio maalumu cha kioo kinachokata 532 tu, chembamba kama wembe, kinaacha pembeni zipite, wanakusanya mapigo maelfu, na kipimo cha wingi wanakipanga kwa kujaza tangi naitrojeni ambayo utawanyaji wake unajulikana. Orléans kule Ufaransa wamefanya kazi kubwa hapo, na Marekani pia, na ni juzijuzi tu ndo imeanza kuingia ndani ya injini za Hall na kathodi zake.

Ila kwa plazima nzito hiyo njia ni ya zamani. Wanafunzi wako waambie kisa cha 1969. Warusi walidai mashine yao ya fyusheni ya T-3 pale Moscow imefika nyuzi milioni kumi, Magharibi hawakuamini. Katikati ya vita baridi wakakubaliana timu ya Culham ya Uingereza ipeleke leza yake Moscow ipime kwa Thomson. Wakapima, Warusi walikuwa wanasema kweli, na baada ya hapo nusu ya dunia ikaanza kujenga tokamaki, yaani mashine za aina hiyo ya T-3.

SWALI: Nyie wa vitabu mnatuzungusha. Injini ukiiwasha ikasukuma si imesukuma? Pesa zote hizo za kupimapima za nini?
Mnunuzi wa korosho, Newala

JIBU: Boss, wewe hununui gunia bila kutoboa na kutazama za ndani, tena unazikata, sasa mwenye satelaiti nae ana haki yake.

Ugonjwa unaoziua injini hizi ni kuliwa. Zile ioni zote hazitoki wima, nyingine zinagonga kuta za kauri na kuzichimba taratibu, ukuta ukiisha ioni zinaanza kula sumaku, na juu kule hakuna fundi wa kuitwa. Njia ya uhakika ya kujua itaishi muda gani ni kuiwasha ndani ya tangi na kusubiri, na hiyo inakula miaka, injini ya ioni ya NASA inayoitwa NEXT iliwashwa zaidi ya saa 48,000, zaidi ya miaka mitano. Huwezi kusubiri hivyo kila ukibadilisha kipande.

Ndo hapo mwanga unakuja tena. Kauri nyingi ni nitridi ya boroni, ikichimbwa boroni inaelea, na boroni inameza mwanga wa nanometa 249.8. Chuo Kikuu cha Colorado State walitumia vioo viwili vinavyotazamana, mwanga unadunda kati yao mara maelfu kabla haujaisha, boroni ikiwepo katikati unaisha mapema zaidi, wanapima umekufa baada ya muda gani na wanajua ukuta unaliwa kwa kasi gani, leo leo, bila kusubiri hadi 2030. Maabara ya JPL ya NASA nao walikuja kupanga sumaku upya ili plazima moto isishike ukuta, na kuthibitisha kwamba kweli haishiki walihitaji vipimo.

Halafu injini hizi zinahema. Mkondo unapanda na kushuka mara elfu kumi hadi elfu thelathini kwa sekunde, gesi inajaa inachomwa inaisha inajaa tena, na kamera za kasi zimeonyesha hata vivimbe vya mwanga vinavyozunguka mferejini. Ukipima wastani tu hayo yote huyaoni.

SWALI: Mambo kaka, mimi dada natengeneza simu hapa Lindi mjini. Kuna namna yoyote naweza kuona hiyo mistari ya mwanga mwenyewe bila kuwa na maabara?
Fundi simu, Lindi

JIBU: Poa dada'angu. Ipo, na haikugharimu. Tafuta CD ya zamani, hata iliyokwaruzwa, iwe ile ya kung'aa. Usiku washa taa moja tu chumbani, simama mbali kidogo, ishike CD chini ya jicho uigeuzegeuze mpaka uone upinde wa rangi. Kama taa ni ile balbu ya zamani ya waya, rangi zinaungana moja kwa moja hazikatiki. Badilisha weka taa ya tyubu au ile ya kujikunja tuliyokuwa tunaiita enaji seva, utaona rangi zimekatika vipande, kijani kimekaa peke yake, nyekundu peke yake, kuna zambarau, na katikati giza. Hivyo vipande ni mvuke wa zebaki na unga wa ndani ya tyubu unaongea. Taa za LED hazifai sana kwa hili, zinaunganisha rangi.

Lingine la jikoni, chumvi yetu ya hapahapa Lindi, nyunyiza punje chache kwenye moto wa gesi, ule wa bluu unageuka njano papo hapo. Hiyo ni sodiamu, nanometa 589. Heliamu iligunduliwa hivyohivyo, mstari wa njano ulionekana kwenye mwanga wa jua wakati wa kupatwa 1868 na ulikuwa sio wa sodiamu, hapa duniani ikapatikana 1895.

CD usiielekeze kwenye jua, na kalaiti ka leza ka watoto usijaribu kukatazama kwa ndani, jicho halina spea.

SWALI: Ndugu mwandishi, hizo satelaiti zilizoko juu sasa hivi nazo zinabeba leza za kujipima?
Msomaji, Mikindani

JIBU: Hapana. Leza, vioo, meza ya kuvituliza, mtu wa kuvirekebisha kila saa, hivyo havipandi roketi. Waliowahi kubeba vifaa vya kupima plazima walibeba vijiti na sensa ndogo, Deep Space 1 ya 1998 na SMART-1 ya Ulaya ya 2003, na walivifunga pembeni mbali na mdomo wa injini.

Na hili linaleta mushkeli ambao bado wanapambana nao. Tangi la chini halina ombwe kama la angani, pampu ziwe kubwa vipi xenoni nyingine inabaki inaelea, injini inaimeza tena na kusukuma zaidi kuliko itakavyosukuma juu, kisha kuta za tangi ni chuma, zinapitisha mkondo ambao angani hauna pa kupita. Kwahiyo namba za leza wanazipeleka kwenye programu za kompyuta zinazoiga injini, zikiendana na leza kwenye tangi ndo wanathubutu kuondoa tangi kwenye hesabu. Ikishapaa wanabaki kusoma umeme inaokula, presha ya mtungi wa gesi, na msukumo wanaukokotoa kwa kufuatilia kwa redio jinsi njia ya satelaiti inavyobadilika.